Kijiko cha Siku ya Ijumaa

Bibi Atsede, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza tu, nimekusoma kwenye gazeti hili tangu sijaolewa na nimewacheka wengi uliowachapa kwa kalamu yako, leo zamu imenifikia mwenyewe na sina pa kwenda, kwa baba yangu wa kiroho siwezi na utaona kwa nini, kwa mume wangu nimekwenda akacheka, basi nimebaki na wewe.

Mimi ni mpishi katika hoteli mpya ya kando ya ziwa hapa Hawassa, ile yenye ngazi nyeupe, na kazi yangu ni doro, mchuzi wa kuku, na wewe Bibi unajua doro si ya kuchemsha tu, vitunguu peke yake vinakula asubuhi nzima, unavikaanga bila mafuta mpaka viwe kama uji, ndipo pilipili, ndipo samli ya viungo, ndipo vile vipande kumi na viwili vya kuku na mayai yake, na ukiharakisha hatua moja mchuzi unakuumbua mezani. Mama yangu alinifundisha nikiwa na miaka tisa, na alinifundisha kama alivyofundishwa yeye, kwamba siku ya mfungo wetu sisi Waorthodoksi, Jumatano na Ijumaa na ile mifungo yote mirefu, nyama na samli haziliwi, unaweza kumpikia asiyefunga lakini ulimi wako hauonji, unapika kwa pua na kwa sikio, unasikiliza vitunguu vikibadili sauti, unadondosha tone nyuma ya mkono uone kama samli imejitenga, na chumvi unaipima kwa kiganja. Kwa hiyo nimepika doro miaka kumi na minne na siku za mfungo sikuwahi kuonja, na sikuwahi kuharibu, na kusema kweli nilianza kujivunia, jikoni wakaniita Pua, "Pua amefika leo?", "Hebu muulize Pua kama imeiva", na mimi nacheka, nafurahi.

Akaja meneja mpya, Bwana Hameso, mtu wa hapa hapa Sidama, mlokole na shemasi kanisani kwao, na siku ya kwanza alitukusanya akasema, "Mimi nimeokoka, jikoni kwangu sitaki wizi wala matusi," na kweli si mtu mbaya, hanywi, hapigi kelele, ila kazi hana mchezo nayo. Alisimama nyuma yangu akaniangalia nikifunika sufuria, akasema, "Dada, hujaonja." Nikasema, "Sihitaji, bosi, pua yangu inatosha." Wenzangu wakacheka, yeye hakucheka, akaniuliza mbele yao wote, "Au wewe ni wale wanaofunga?" Na Bibi, ilikuwa Jumatano, na nilikuwa nimesikia kwamba kule alikotoka alimwachisha kazi mpishi kwa sababu ya mifungo, sijui ni kitu gani kilinipata, nikamjibu, "Mimi? Wapi! Ni pua tu," akasema, "Afadhali, maana mgeni halipi pesa yake aje kula imani ya mpishi," wakacheka tena na mimi nikacheka nao, na jioni ile uzi wangu wa ubatizo, ule mweusi wa shingoni, nikauvua nikautia mfukoni mwa aproni nikajiambia ni kwa ajili ya usafi wa jikoni.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, Aster, yule anayekata vitunguu, mama wa watoto watatu, naye ni mlokole na ni rafiki yangu sana, alitia chumvi kunisaidia bila kuniambia na mimi nikatia yangu, chumvi haina harufu Bibi, sahani sita zikarudi jikoni zikiwa zimejaa, Bwana Hameso akachovya kijiko akaninyooshea, "Onja kazi yako." Nikaonja. Nikaenda nyuma ya mlango wa stoo nikatema. Tangu siku hiyo nikawa naonja na kutema, nikijiambia kisichopita kooni hakijaliwa, mpaka Aster akanitania, "Dada Pua, mbona kila sufuria ikichemka unakimbilia stoo, tukununulie nguo za mtoto?", na siku moja mtu alifungua mlango ule ghafla nikameza, nikaona dunia haikuanguka, juma lililofuata sikwenda tena stoo, na mwezi uliofuata nilikula paja zima Ijumaa nimesimama pale pale penye jiko, na lilikuwa tamu.

Tangu hapo kanisani siingii ndani, nakwenda, siwezi kuacha kwenda, najifunika shuka langu jeupe nasimama uani karibu na lango pamoja na wale wanaojiona hawako safi, sasa ni mwezi wa tano. Aba Wolde-Kiros, baba yangu wa kiroho ambaye ndiye aliyetufungisha ndoa, alikuja nyumbani na maji yake ya baraka kama anavyowazungukia watoto wake wote, nikajificha nyuma ya kabati nikamwambia mume wangu aseme niko kazini, kumbe viatu vyangu viko mlangoni, Aba akaviangalia, akasema, "Mwambie nimevisalimu viatu vyake," akaenda zake.

Sasa ndipo penyewe. Mpishi mkuu anaondoka na Bwana Hameso amenichagua mimi, na mpishi mkuu anapewa nyumba ya hoteli, vyumba viwili, jiko la ndani, bafu lenye maji ya moto, na sisi Bibi tunakaa chumba kimoja na watoto wawili, bomba moja familia tano, choo cha foleni. Mume wangu Getnet, ambaye anaendesha bajaji, ameshakwenda kupima madirisha ya nyumba ile, ameshanunua mapazia, ya kijani, ameshawaambia majirani wote mpaka mwenye duka la mkaa ananiita Mama Mkuu. Lakini cheo kitatangazwa siku mwenye hoteli atakapokuja na wageni wake, nayo ni Ijumaa, ndani ya huu Mfungo Mkuu wa kabla ya Pasaka tulioanza juzi, Ijumaa ya wiki ya tatu, na utaratibu wao ni kwamba mpishi mkuu anasimama mbele ya meza, anafunua sufuria, anaonja kijiko cha kwanza wageni wakiona, anapigwa picha, ndipo watu wanapakuliwa, na picha inatundikwa ukutani pale wanapoingilia wageni, kwa hiyo Hawassa nzima itaniona na kijiko cha kuku mdomoni Ijumaa ya Mfungo Mkuu.

Getnet anasema, "Mama watoto, kijiko kimoja! Mungu aliyeumba ziwa lote lile akae kuhesabu kijiko?" Na anasema nikishaipata nyumba nitatubu vizuri zaidi, nitakuwa na nafasi ya kusujudu, maana hapa ukiinama tu unagonga kitanda. Nilicheka, ila moyoni nilikubali, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba nilikubali upesi hivyo. Nikikataa naona nawanyima watoto wangu maji kwa sababu ya ulimi wangu, na nikikubali sijui nitakuwa mtu gani. Nishauri Bibi, nionje siku ile moja kisha nitubu na kuanza upya, au niseme hapana tupoteze kila kitu? Jina langu nakuomba usiliandike, na majina ya wengine uyabadili.

Mpishi, Hawassa.

*

Mpishi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Usijisifu, haikuwa tamu kiasi hicho. Ni kwamba hujui kuweka nukta, na macho yangu yana miaka sabini na sita. Shule mimi sikwenda. Herufi nilifundishwa ukubwani, wakati ule walipopita kusomesha watu wazima, mtoto mgongoni na chaki mkononi, na bado najua nukta inakaa wapi. Mtu anayeongea bila kupumua anaogopa kusikia anachokisema. Jifunze kupumua.

Haya. Nikupe pole kwanza, kisha nikuchape.

Pole kwa lile bomba. Mimi nimekaa na bomba la familia tisa, na anayesema maji ya moto ni anasa hajawahi kuogesha watoto wawili asubuhi ya baridi. Usione haya kuitaka nyumba ile. Hata mimi ningeitaka. Ningeipima madirisha kabla ya mumeo.

Sasa kaa chini.

Umeniandikia kurasa nne za kuku. Samli, chumvi, mayai, paja. Unadhani kosa lako liko sufuriani. Nimelitafuta sufuriani sikulikuta. Nimelikuta katika ule mstari ulioupita mbio mbio kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai: uliulizwa kama unafunga, ukasema, "Mimi? Wapi!" Hapo ndipo mchuzi ulipoungua. Yote yaliyofuata, kutema, kumeza, paja, kabati, ni moshi wake. Na uzi uliuvua jioni ile ile. Hukungoja hata kulale kuche.

Hameso amekukataza kufunga lini, mwanamke wewe? Hajui kama unafunga! Alikuuliza, ukamjibu kwa mdomo wako kwamba hufungi, akaamini, akapanga mambo yake. Kisha unaniandikia mimi kana kwamba amekushikia panga.

Utasema ni woga. Woga upo, sikatai, mtu aliachishwa kazi na wewe ulisikia. Lakini na lile jina la Pua nalo lipo, na hilo umelisema huku unatabasamu, nimekuona. Ulipenda waseme una kipaji kuliko waseme una Mungu. Miaka kumi na minne ulikuwa unafunga, vizuri sana, ila sifa ya mfungo wako uliichukua ukaiweka puani. Mtu akishazoea sifa ya namna hiyo, siku akiulizwa swali dogo tu mbele ya watu hana cha kusimamia.

Na kutema! Ulikuwa unamtemea nani? Ulidhani Mungu amekaa kooni anahesabu kinachopita? Na kujificha nyuma ya kabati, mama mzima wa watoto wawili! Viatu vyako vina imani kuliko wewe. Vyenyewe vilibaki mlangoni vikasalimiwa.

Nimemaliza kuchapa. Sasa nikwambie langu, maana usije ukadhani nakuandikia nimeketi juu ya wingu.

Nilikuwa na umri kama wako, zamani za utawala wa wanajeshi, nikipika katika kambi moja, jina lake silitaji. Ijumaa moja kapteni alitupanga wapishi wote mstari mmoja, akatugawia nyama, tule mbele yake tuone kama mbingu itaanguka. Wawili walikataa, wakafukuzwa pale pale na vifurushi vyao. Mimi nilikula. Nilikula haraka kuliko wote ili anione. Akaniona, akanipa ufunguo wa stoo. Sukari, mafuta, sabuni, vyote chini yangu. Sikuwa na mfuko, basi nikautoa msalaba kwenye uzi wangu wa ubatizo nikatia ufunguo. Uzi ule ule, shingo ile ile.

Na nitakwambia ukweli ambao wahubiri hawapendi kuusema. Sikuteseka. Miaka mitatu nilinenepa, wanangu walikunywa chai yenye sukari mtaa mzima hauna, na siku nyingi Mungu sikumkumbuka kabisa. Wewe moyo wako bado unauma, unasimama uani unalia kwenye shuka. Shukuru. Mimi wangu uliacha kuuma, na nilidhani nimepona.

Kilichonirudisha ni huyo huyo kuku. Pasaka ilifika, jirani yangu Yeshi, fukara, kuku mmoja kwa watu wanane, akanialika kwake. Siku hamsini na tano walikuwa hawajagusa nyama, wala maziwa, wala yai. Nikawaona walivyotia tonge la kwanza mdomoni. Babu yao alifumba macho, machozi yakamshuka mpaka ndevuni. Watoto wanacheka hovyo. Yeshi anasema, "Kristo amefufuka!" huku mchuzi unamtiririka kiwikoni. Na mimi nilikula kuku yule yule, sahani ile ile moja. Akawa kuku tu. Kuku wa Jumanne. Nilikuwa nimeila Pasaka kidogo kidogo mwaka mzima, na siku yenyewe ilipofika sikuwa na kitu cha kula.

Kesho yake niliurudisha ufunguo. Hawakunipigia makofi. Walinitoa kazini, nikauza shayiri ya kukaanga kando ya barabara, wanangu wakauliza sukari imekwenda wapi. Haikurudi upesi. Lakini Pasaka iliyofuata nilipata shingo ya kuku, shingo tu, mfupa na ngozi, na nililia mpaka Yeshi akaninyang'anya sahani, "Toka hapa, unautia mchuzi chumvi!" Hicho ndicho ninachokijua mimi. Mengine waulize waliosoma.

Kwa hiyo lile swali lako, nionje Ijumaa nitubu baadaye, lisije tena mezani kwangu. Toba unayoipangia siku, na mapazia yamenunuliwa kabla yake, hiyo ni ratiba ya bajaji. Mungu anasamehe, hilo halina ubishi, angekuwa hasamehi mimi ningekuwa wapi? Lakini usimpange foleni nyuma ya bafu.

Sikiliza utakavyofanya, na usianzie katikati.

Gazeti linatoka Jumatano. Jioni ukivua aproni, kabla ya kwenda nyumbani, nenda kwa Aba Wolde-Kiros. Usianze na kuku, utamchosha mzee. Anza na "Mimi? Wapi!" Useme kama ulivyosema, na ule mcheko wako uutaje. Akikupa kusujudu, sujudu, na kama kitanda kinakugonga kisukume. Mpe uzi wako akufungie shingoni kwa mkono wake, na ubaki hapo shingoni.

Alhamisi, kabla kitunguu cha kwanza hakijamenywa, nenda kwa Bwana Hameso. Alhamisi, nimesema. Usingoje ile Ijumaa ya wageni ukamfanyia sinema mbele ya tajiri wake, huo ni ukorofi uliovaa shuka jeupe. Ingia ofisini, funga mlango, sema hivi: "Bosi, nilikudanganya. Mimi ninafunga. Siku za mfungo sionji. Siku nyingine zote nitaonja mpaka kijiko kichakae." Kisha unyamaze. Usilie. Usimhubirie, ana kanisa lake. Na usimdharau kwa kuwa hafungi kama sisi. Yule mtu alisimama mbele yenu siku ya kwanza akasema yeye ni nani. Wewe hujasema mpaka leo. Kwa hilo amekushinda.

Halafu mpe njia, usimwachie tatizo mikononi ukaondoka. Njia unayo, inaitwa Aster. Hili ndilo lililonifanya nipige meza mpaka kikombe cha kahawa kikamwagika. Miezi yote hii unahangaika, mara stoo, mara uani, na hatua mbili kutoka kwako amesimama mwanamke mzima, rafiki yako, asiyefunga mfungo wetu, ulimi wake uko huru, kazi yake kukuuliza kama tukununulie nguo za mtoto! Hukumwomba aonje kwa sababu ungelazimika kumwambia kwa nini. Basi mwambie. Siku za mfungo yeye anaonja, yeye anasema imetosha au bado, na chumvi inatiwa na mkono mmoja tu, chagueni wa nani. Siku ya wageni yeye ashike kijiko, wewe ushike kifuniko. Picha mpigwe wote wawili. Akisifiwa, asifiwe, na wewe usitie neno. Wakitaka kuendelea kukuita Pua, basi na yeye waanze kumwita Ulimi.

Anaweza kukubali. Meneja anataka mchuzi mzuri na sahani zisizorudi, ukimpa hayo mawili pengine hatauliza kijiko kilipita mdomo wa nani. Anaweza pia kukataa. Akikataa, fua aproni, ikunje, mrudishie kwa mikono miwili, sema asante, utoke. Usimseme mjini. Na mimi sikuahidi kwamba ukitoka pale Mungu atakupa hoteli kubwa zaidi kando ya ziwa kubwa zaidi. Wako wanaoahidi hivyo, wana vipaza sauti, nenda kwao. Unaweza kubaki na bomba lako la familia tano miaka mingine mitano. Utakuwa umechoka, ndoo mkononi, lakini utajua ndoo hiyo imeshikwa na nani. Na usiniambie hutakuwa na pa kuanzia! Mwanamke anayeweza kupika bila kuonja, siku hizi hamsini na tano ambazo nusu ya mji huu inazunguka saa za mchana ikitafuta chakula kisicho na samli? Sufuria ya shiro, unga wa dengu na maji tu, haihitaji ngazi nyeupe. Mikono unayo.

Wewe Getnet, najua unasoma juu ya bega la mkeo, sogea kidogo nikwambie. Unauliza kama Mungu aliyeumba ziwa atakaa kuhesabu kijiko. Mambo ya Mungu siyajui hesabu yake. Ninachojua ni kwamba mkeo anahesabu, kijiko kwa kijiko, mwezi wa tano sasa, na chumba chenu ni kimoja na hukumsikia. Baba mwema wewe, unataka watoto waoge, nimeliona hilo. Basi mtakie na mama yao afya. Mapazia hayana kosa. Yakate yatoshe dirisha ulilo nalo, kijani kitapendeza hapo hapo. Na Aba akija tena, viatu mlangoni, mtu ndani, kahawa mezani, na wewe useme kweli.

La mwisho ni lako tena, Mpishi.

Jumapili nitakuja kusali kanisani kwenu. Usinitafute kwa nguo, sote tutakuwa tumevaa nyeupe. Pita lango, pita na ile sehemu yako ya uani, usisimame hata kusalimiana, ingia. Tazama upande wa wanawake, penye nguzo ya pili. Utaona bibi mfupi mwenye uso wa kugombeza, na mkongojo umelala sakafuni kando yake kama umeanguka. Haujaanguka. Nimeulaza kukushikia nafasi. Ibada yetu ya kusimama unaijua urefu wake, na bila mkongojo magoti yangu hayafiki hata nusu. Kwa hiyo wahi. Uuokote, unipe, usimame hapo.

Bibi Atsede